Boma la Karema na mwaka 1863

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara hadi leo pamoja na marekebisho ya 1979, imebeba mwaka mmoja unaoamua mengi: 1863. Jengo, ngome, kaburi au chochote kilichojengwa na binadamu kabla ya mwaka huo kinalindwa moja kwa moja. Hakihitaji kuombewa wala kupigiwa kampeni. Kilichojengwa baadaye ni nyumba kama nyumba nyingine, mpaka Waziri mwenye dhamana atoe amri katika Gazeti la Serikali na kukitaja.

Boma la Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, lilianza kujengwa Agosti 1879. Limeikosa kinga hiyo kwa miaka 16.

Sheria hiyohiyo ina kifungu kingine cha kustaajabisha. Mlango wa mbao au fremu yake, ikiwa umechongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, ni mali inayolindwa. Kwa hiyo mlango uliochongwa mwaka 1930 una kinga, na ukuta wa 1879 unaoweza kuubeba mlango huo hauna. Ukiisoma sheria kwa utulivu unaona macho yake yalielekea wapi: Kilwa na magofu yake, misikiti ya mawe, milango ya nakshi ya Bagamoyo ambayo wageni waliitamani. Huku kwetu magharibi hayakufika sana.

Na kwa Katavi hilo si jambo dogo. Mpanda mjini ni mji wa juzi. Ulikua kwa ajili ya mgodi wa risasi na reli ya tawi kutoka Kaliua iliyofunguliwa mwaka 1950. Mgodi ukafungwa miaka kumi baadaye na mji ukabaki. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo walijenga kabla ya hapo, tena kwa ustadi, ila kwa miti, udongo na nyasi, na nyumba ikichoka walijenga nyingine. Ukitafuta jengo la kale la mkoa huu lenye tarehe, lenye maandishi, na lenye kuta ambazo mtu anaweza kuzigusa, njia inakupeleka Karema, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kusini-magharibi mwa Mpanda. Sheria imechora mstari wake, na karibu kila kitu tulichonacho kimeangukia upande usio na kinga.

Tuende mbali kidogo, Uingereza, kwa kuwa mfumo wa huko wa kulinda majumba ya zamani ndio unaotolewa mfano kila mara, na kwa kuwa wengi tunausoma kinyume. Tunadhani majumba yale makubwa ya mashambani yamesimama kwa sababu sheria ni kali. Mambo hayakwenda hivyo.

Jumba la shambani la Kiingereza halikuwa nyumba tu. Lilikuwa ofisi ya ardhi. Mbele kulikuwa na uso uliopangwa kwa ulinganifu, mlango katikati na madirisha sawa kulia na kushoto, ili mgeni anayekuja kwa njia ndefu ya bustani ajue amefika kwa nani. Ndani kulikuwa na ukumbi, chumba cha vitabu, vyumba vya kupokelea watu. Nyuma, pasipoonekana, kulikuwa na jiko, chumba cha kufulia, mazizi ya farasi, na ngazi nyembamba za watumishi zilizojengwa makusudi ili mtumishi na mwenye nyumba wasipishane. Vigae, madirisha, makaa na mishahara vililipwa kwa kodi ya wakulima waliopanga ardhi inayolizunguka jumba.

Kisha kodi ikapungua. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya bei rahisi kutoka Marekani iliporomosha kilimo cha Uingereza. Mwaka 1894 ikaja kodi nzito ya mirathi. Zikaja vita mbili zilizochukua warithi na watumishi. Paa likianza kuvuja, mwenye nyumba anapiga hesabu, anauza mbao, risasi na mawe, na jumba linashushwa. Katika karne ya 20 yalipotea zaidi ya majumba 1,000, na mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilifanya maonyesho mazima kuhusu maangamizi hayo.

Sasa angalia tarehe. Sheria iliyoweka orodha ya majengo yanayolindwa ni ya 1947. Miaka ya 1950, sheria ikiwepo, ndiyo iliyokuwa na ubomoaji mkubwa kuliko yote. Mpaka mwaka 1968 ndipo ilipowekwa kanuni kwamba jengo lililo kwenye orodha haliguswi bila kibali mahsusi. Katika miaka yote hiyo ya katikati, yaliyopona yalikuwa majumba yaliyopata kazi mpya: shule, hoteli, hospitali, au mikono ya shirika la hisani la National Trust lililoundwa mwaka 1895. Sheria ilikataza kubomoa. Kuziba paa linalovuja ilikuwa kazi ya mtu mwingine.

Mfano mmoja unatugusa. Tatton Park, katika jimbo la Cheshire, ni jumba la mtindo wa Kigiriki na Kirumi, lenye daraja la juu kabisa katika orodha ya Uingereza. Mmiliki wake wa mwisho alikuwa Lord Maurice Egerton, yuleyule aliyeanzisha shule ya kilimo Njoro, Kenya, mwaka 1939, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Tatton kuna ukumbi aliouongeza yeye mwenyewe, kuta zake zimejaa vichwa na pembe za wanyama aliowinda, wakiwemo wa Afrika. Karibu na Njoro alijenga jumba jingine la mawe ambalo wenyeji wanaliita kasri. Alifariki mwaka 1958 bila mtoto. Tatton ikaenda National Trust, na kasri la Njoro likaja kuangukia mikononi mwa chuo. Majumba mawili ya mtu mmoja, katika mabara mawili na chini ya sheria mbili tofauti, na yote mawili yamesimama kwa sababu moja: kuna taasisi iliyobaki na funguo na ina sababu ya kufagia.

Kitu kimoja cha Waingereza, hata hivyo, ningekiomba hata kesho. Mstari wao unatembea. Jengo lililofikisha umri wa miaka 30 linaweza kufikiriwa kuingia kwenye orodha, na kadiri miaka inavyokwenda majengo mapya yanaingia kwenye umri huo. Tena kinga ikishatolewa inaingia hadi ndani, kwenye ngazi na dari, na inahusu hata vibanda vya uani vilivyojengwa kabla ya Julai 1948. Mstari wetu wa 1863 umesimama pale ulipochorwa.

Turudi Karema. Mwaka 1876 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliitisha mkutano Brussels na kuunda Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, kwa maneno matamu ya sayansi na kupinga utumwa. Kituo chake cha kwanza kwenye Ziwa Tanganyika kilianzishwa Karema na Kapteni Ernest Cambier. Baada yake alikuja Kapteni Ramaeckers, aliyefia hapohapo Februari 1882, kisha Émile Storms, aliyeendeleza ujenzi mpaka boma likakamilika.

Ili kuelewa kwa nini boma lilijengwa lilivyojengwa, fikiria umbali. Kutoka pwani hadi Karema ni zaidi ya kilomita 1,000, na kila kitu kilikwenda kichwani mwa mpagazi, mzigo wa kilo 30 hivi. Pipa la saruji halibebeki hivyo. Vyuma vya kenchi havibebeki. Leopold mwenyewe aliliona tatizo hilo, akaja na suluhisho la ajabu: tembo wanne waliofunzwa kutoka India, walioteremshwa Msasani mwaka 1879 chini ya Frederick Carter, ili wabebe mizigo mahali pa binadamu. Wengi wao walikufa njiani, na aliyefika Karema naye hakudumu. Carter na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe, katika mkoa wetu huuhuu, Juni 1880, kijiji kiliposhambuliwa na majeshi ya Mirambo na washirika wake. Mpango wa tembo ukaishia hapo. Mjengaji wa Karema akabaki na alichonacho chini ya miguu yake, yaani udongo wa Karema, na miti ya miombo inayomzunguka.

Kwa hiyo boma ni la matofali mabichi, yaliyofyatuliwa na kukaushwa juani, yakaunganishwa kwa tope lilelile. Tofali la namna hiyo ni dhaifu likilinganishwa na la kuchoma, na dawa ya udhaifu wake ni unene. Ukuta unakuwa mpana, madirisha yanakuwa machache na madogo, na nyumba inakuwa ya baridi mchana na ya joto usiku. Wazungu hawakulibuni jambo hilo. Unyamwezi kulikuwa na tembe: nyumba ya pembe nne iliyozunguka ua, vyumba vikitazama ndani, nje ukuta mtupu. Tembe la Kwihara, Tabora, alilokaa Livingstone mwaka 1872, ni la ukoo huo. Kapteni aliyefika Karema kwa kupitia Tabora alikuwa amelala kwenye tembe mara nyingi kabla hajaweka jiwe lake la kwanza, na mafundi aliowatumia walikuwa watu wa huku. Wabelgiji waliongeza pembe za ulinzi za kijeshi na paa la mteremko. Ukiondoa hayo, unabaki na wazo la kwetu.

Tofauti na jumba la Kiingereza ni kubwa hapo. Lile linajionyesha, uso wake wote ni kwa ajili ya mpita njia. Boma linajificha, na uzuri wake, kama upo, uko uani. Nisingependa hata hivyo tulione kama kibanda cha wapelelezi wapole. Pembe zile zilikuwa za bunduki. Storms, aliyelikamilisha, ndiye aliyefungua kituo cha Mpala ng'ambo ya ziwa mwaka 1883, na Desemba 1884 watu wake walimuua mtawala Lusinga. Fuvu la Lusinga lilisafirishwa hadi Ubelgiji. Kulinda jengo hakuna maana ya kumsifu aliyelijenga. Uingereza nayo inalinda majumba mengi yaliyojengwa kwa fedha za mashamba ya sukari na utumwa, na siku hizi wageni wanaelezwa hivyo.

Jambo jingine linalochanganya wageni wa Karema ni maji. Kituo kiliwekwa ufuoni, na leo boma liko mbali na ziwa kuliko lilivyokusudiwa. Sababu yake iko upande wa pili wa ziwa. Mto Lukuga, ambao ndio mlango wa kutokea maji ya ziwa kuelekea Kongo, ulikuwa umezibika. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kikavunjika na ziwa likaanza kushuka, likashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita mwaka 1880, alikuta mahali pa matope na hakuficha dharau yake. Cambier hakuwa mjinga. Alijenga kando ya maji yaliyokuwa yanaondoka.

Kituo kingekufa mwaka 1885. Mkutano wa Berlin ulikuwa umekwisha, pwani hii ya mashariki ikawa ya Wajerumani, na Leopold hakuwa na haja nayo tena. Ziwani kuna vituo vingi vya wakati ule ambavyo leo ni jina tu. Karema ilipona kwa sababu Kardinali Lavigerie aliipokea kwa niaba ya Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe. Boma likageuzwa misheni: palipokaa askari pakakaa mapadre, pamoja na watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Askofu Charbonnier alifia Karema mwaka 1888. Askofu Lechaptois aliongoza kutoka hapo kuanzia mwaka 1891 mpaka alipofariki, hapohapo, mwaka 1917.

Lakini mkazi wa Karema aliyedumu kuliko wote hakuwa askofu wala kapteni. Ni Adrian Atiman, mtoto wa nchi ya mto Niger, karibu na Timbuktu, aliyetekwa utumwani akiwa mdogo, akanunuliwa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa Mbende, akatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Hospitali mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Katika jumba la Kiingereza mtu aliyeanzia utumwani angepewa ngazi ya nyuma na jina lake lisingeandikwa. Karema yeye ndiye sura ya mahali. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoliita boma hili jengo la Wabelgiji. Wabelgiji walikaa miaka sita.

Miaka yote iliyobaki ni ya watu waliolala humo, wakaona paa linavuja, wakapanda kuliziba. Huo ndio ulinzi uliofanya kazi. Na ndio ulinzi ambao sasa una hatari yake.

Chukua ukuta wa tofali bichi na uutazame sehemu mbili: juu unapokutana na paa, na chini unapokutana na ardhi. Juu, adui ni bati lililotoboka au upenu uliokatwa mfupi. Maji yanatiririka usoni mwa ukuta na kuchimba mifereji midogo ambayo msimu unaofuata ni mikubwa. Chini, adui ni matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini na unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Utaona ukuta umeliwa kwa ndani katika kimo cha goti, wakati sehemu ya juu yake bado ni nzima. Mchwa nao hupitia humohumo kufuata mbao za linta.

Fundi wa siku hizi akiuona ukuta umeliwa hivyo ana jibu moja: lipu ya saruji. Linapendeza siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba udongo unapumua. Unanyonya unyevu usiku na kuutoa mchana. Saruji haipumui. Ukuta wa udongo uliovishwa saruji ni sawa na mtu aliyevaa koti la nailoni lenye tundu: maji yanaingia, hayatoki. Lipu inapasuka kidogo, kwa sababu saruji ni ngumu na udongo unacheza, maji yanapita kwenye ufa, na nyuma ya lipu tofali linarudi kuwa tope. Kwa nje huoni kitu mpaka siku bamba zima linapodondoka na nusu ya ukuta. Jengo lililovumilia zaidi ya karne kwa matengenezo ya kimaskini linaweza kuuawa kwa miaka michache na ukarabati wa kitajiri.

Dawa yake si ya gharama. Lipu ya udongo au ya chokaa, inayorudiwa kila baada ya misimu kadhaa. Upenu mrefu. Gata na mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Tofali la kuziba lifyatuliwe kwa udongo uleule wa Karema. Bibi yeyote wa kijijini aliyewahi kusiriba nyumba kwa mikono yake anaijua nusu ya kazi hiyo kuliko mkandarasi aliyeshinda zabuni.

Hapo ndipo sheria inapohitajika, na kwa kazi hiyo hasa. Amri ya Waziri isingemlazimisha mtu kupanda paani. Ingemzuia mwenye nia njema asije na lori la saruji bila kumuuliza mtaalamu wa Idara ya Mambo ya Kale. Na amri hiyo inahitaji maandalizi: ramani iliyopimwa, picha za kila ukuta, na maelezo ya sehemu ipi ni ya Storms, ipi ya mapadre, ipi ya juzi. Vyanzo vipo. Jérôme Becker, Mbelgiji aliyeishi Karema enzi za Ramaeckers, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1887. Karatasi za Storms ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mapadre Weupe walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila kituo. Kinachokosekana ni mtu wa kwetu wa kuzileta karatasi hizo mbele ya ukuta na kulinganisha.

Karema pia haimo kwenye mapendekezo ya njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu ambayo Tanzania iliyaweka kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006. Orodha hiyo inatoka Bagamoyo, inapita Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, inaishia Ujiji. Msafara uliotoka Tabora kuelekea Karema ulikuwa tawi la mti huohuo.

Jambo hili lina haraka kwa sababu Karema sasa ina bandari mpya. Bandari inaleta barabara, barabara inaleta viwanja, na viwanja vinaleta mchanga, kokoto na saruji ya bei nafuu kuliko wakati wowote tangu Cambier alipofika na wapagazi wake. Jimbo Katoliki la Mpanda na Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika wasisubiri Dodoma iubadili mwaka 1863. Wapime jengo, walipige picha, waandike ombi la tangazo kwa Waziri, na mpaka jibu litakapokuja wapige marufuku mfuko wa saruji kwenye kuta zile.